Msaada: Saa ya kifaa iko nyuma saa sita, samaki wa alfajiri wanaandikwa tarehe ya jana

Mvuvi_Kodi:
Wakuu, habari za mchana. Niko Igombe, Mwanza. Tuna chumba cha baridi cha sangara chenye kifaa kidogo cha Linux kinachopima jotoridi na kuandika kwenye faili. Fundi aliyekifunga alishahama mji.

Sasa hivi ni saa nane na dakika kumi mchana, yaani 14:10, lakini nikiandika `date` napata 08:10 EAT (saa za Afrika Mashariki). Wenzangu wanasema iko sawa, nane ni nane. Mimi sikubali. Boti zinaingia alfajiri, na samaki aliyepokelewa saa kumi na moja alfajiri ya tarehe 12 anaandikwa 23:00 ya tarehe 11. Mkaguzi akisoma, samaki ameingia kwenye baridi kabla nyavu hazijavutwa! Nimetengeneza kiungo cha `/etc/localtime` (faili la majira ya eneo) kwenda `Africa/Dar_es_Salaam`, hakuna kilichobadilika. Naombeni msaada.

Bwiru_Boy:
Mkuu, kama wote hapo mnasoma saa za Kiswahili, si muiache? Rekebisheni tarehe tu kwenye ripoti.

Nyaya_na_Nyavu:
Hapana, asiiache. Kifaa hicho kinageuza tarehe saa kumi na mbili asubuhi badala ya saa sita usiku, kwa hiyo mapokezi yote ya alfajiri yanahesabiwa siku iliyopita. Tena jioni saa moja kitaonyesha 13:00. Nani anaisoma hiyo kuwa saa moja?

Mleta uzi, tupe majibu ya `date -u` (saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa), `cat /etc/TZ` (mpangilio wa majira ya kifaa) na `ls /usr/share/zoneinfo` (folda ya mafaili ya majira ya dunia).

Mvuvi_Kodi:
`date -u` inasema 11:22, na saa yangu ya mkononi ni 14:22. `/etc/TZ` ina `EAT+3`. Hiyo zoneinfo haipo kabisa.

Nyaya_na_Nyavu:
Basi tumeipata. Kiungo chako kinaelekea kwenye faili ambalo halipo. Vifaa vidogo vya uClibc (maktaba ndogo ya C ya Linux) husoma `/etc/TZ`, na humo alama imekaa kinyume na watu wengi wanavyotegemea. Namba ile ni saa unazoongeza kwenye saa ya hapa ili upate UTC. Sisi tuko mbele ya UTC kwa saa tatu, kwa hiyo tunaongeza hasi tatu: 14 inarudi 11. Kwa `+3` kifaa kinadhani kiko magharibi, saa tatu nyuma ya UTC, ndiyo maana tofauti yote ni saa sita. Hizo herufi EAT ni jina tu, zisikudanganye.

Andika:

`echo 'EAT-3' > /etc/TZ`

Ikikataa kuandika, jaribu kwanza `mount -o remount,rw /`, inayofungua diski iandikike. Faili lazima liishie na mstari mpya, na `echo` inauweka yenyewe. Halafu washa upya programu ya kurekodi, maana iliyokwishawaka inaweza kubaki na saa ya zamani. Tusiokuwa na saa za kiangazi, mstari huo mmoja unatosha.

Tafadhali usiguse `date -s`, amri ya kubadili saa yenyewe. UTC yako ni sahihi, ukiisogeza utaharibu kitu pekee kilichokuwa kizima.

Bwiru_Boy:
Nimekuelewa mkuu, hilo la tarehe sikulifikiria. Mleta uzi, angalia pia kama kina betri ya saa, mara nyingi ni CR2032. Bila hiyo, umeme ukikatika kinaweza kurudi mwaka 1970 hadi kipate intaneti.

Mvuvi_Kodi:
Imekubali! `date` sasa inasema 14:51, na betri ipo. Rekodi za nyuma nizifanyeje?

Nyaya_na_Nyavu:
Faili la asili lihifadhi bila kuligusa. Tengeneza nakala, ongeza saa sita kila mstari pamoja na tarehe yake, na juu uandike kwamba imesahihishwa na kwa nini. Mkaguzi apewe zote mbili. Kuanzia leo iambie programu iandike kwa UTC, na saa ya Mwanza itokee kwenye ripoti tu.

Mvuvi_Kodi:
Shukrani sana wakuu. Naanza na za mwezi huu.