Mama yuko peke yake Sengerema, nimpeleke makazi ya wazee?

Mtoto wa Sengerema: Wakuu habari, mama umri umeenda, presha inasumbua na miguu haimbebi, madada wa kazi wanakuja wanaondoka, mimi na waifu tunaishi Buhongwa, Mwanza mjini, tunatoka alfajiri kurudi usiku. Nasikia Bukumbi kuna makazi ya wazee, wanapokea?

Bibie Nyegezi: Bukumbi ipo Misungwi, ya serikali hiyo, ni kwa wazee wasio na ndugu wala uwezo, wewe mwenye mshahara watakurudisha na mama yako. Halafu mwenyewe umemuuliza?

Mzee wa Sato: Tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe 2025 habari za kusubiri kivuko zimekwisha, kliniki hospitali ya Bugando huko Mwanza anaenda na kurudi siku hiyohiyo. Mwache alipozoea, tafuta mama mtu mzima wa hapohapo mtaani umlipe vizuri, hivi vibinti vinashinda kwenye simu tu. Ukipata kituo binafsi nenda bila taarifa saa ya chakula, uliza usiku anabaki nani, na chooni kuna vyuma vya kushikilia?

Mtoto wa Sengerema: Nimempigia, kasema haachi kuku wake 😂 Huyo mama analipwaje huko?