Mswaki wa umeme Kigoma: unalipa au ni ulimbukeni?

Mkazi wa Mwanga: Miswaki ya umeme imejaa madukani siku hizi. Ya betri elfu kumi na tano, ya kuchaji hadi 60,000, na wa mkono bado ni 1,500. Wanaojua meno watuambie, inalipa au tunaringishiana? Wauza duka mkae pembeni.

Gego la Mwisho: Inalipa. Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, walichambua majaribio mengi mwaka 2014, ukoga ulipungua kama asilimia 20 zaidi ya mswaki wa mkono. Ila huo wa kichwa cha duara hauswagwi kama ufagio. Kiweke kwenye jino moja, kigusie na ukingo wa fizi, sekunde mbili tatu, hamia jirani. Ukisugua nao umenunua mtetemo tu. Sijui wenzetu wa Ujiji wanaotafuna vijiti watachangia nini hapa.

Bin Ujiji: Umeanza wewe. Kijiti kina adabu zake: kikikauka loweka ncha, menya ganda kama sentimita moja, tafuna mpaka nyuzi ziachane, zikichakaa kata uanze upya. Hakuna chaji wala kichwa cha akiba. Shirika la Afya Duniani lenyewe liliwahi kuuhimiza mswaki huu wa mti kwa waliouzoea. Ulimbukeni uko wapi?

Dada Fizi: Shekhe, mti hauna kosa, kosa ni nyuzi zinavyokaa. Zimelala mwelekeo mmoja na kijiti, kama brashi ya rangi. Za dukani zimesimama kwa ubavu. Kwa hiyo meno ya mbele kwa nje yanasuguliwa kupita kiasi, fizi inapanda, mzizi unabaki uchi na maji ya baridi yanachoma. Magego upande wa ulimi hayaguswi kabisa.

Bin Ujiji: Hayaguswi kwa asiyejua kukunja ncha. Ing'ate mpaka ilainike, ikunje kidogo, inaingia.

Dada Fizi: Inaingia gego la kwanza. La mwisho je?

Mtaalamu Gungu: Wakati mnapigania gego, Gego mwenyewe katuuzia mbuzi kwenye gunia. Cochrane walisema asilimia 11 katika mwezi wa kwanza hadi wa tatu, 21 baada ya miezi mitatu. Uvimbe wa fizi ni 6, kisha 11. Umechagua namba nono kama muuza duka.

Gego la Mwisho: Muuza duka, mimi? Muuza duka asingekwambia haya. Mingi ya elfu kumi na tano, ile ya betri mbili za rimoti, kichwa hakibadilishwi. Nyuzi zikitawanyika, kama miezi mitatu hivi, unatupa na mota yake. Wa kuchaji, ulizia kwanza vichwa vya akiba vinapatikana hapa hapa. Geuza chaja usome: iwe 100–240V. Iliyoandikwa 120V peke yake, ya Marekani hiyo, ukiichomeka kwenye 230 yetu inaungua. Na ukimaliza, vua kichwa, suuza kile kichuma kinachoshika kichwa, acha vikauke mbalimbali. Ukiviacha vimeshikana na maji, chini yake panaota uchafu mweusi. Haya, nimeuza nini?

Bin Ujiji: Umeuza kijiti changu. Hicho hakina kichuma.

Mtaalamu Gungu: Nilichokataa ni namba. Mswaki wa mkono ulio laini, nyuzi zikielekezwa kwenye fizi kwa pembe ya digrii 45, miendo mifupi, dakika mbili, unatosha. Wengi wanasugua kama sufuria iliyoganda ugali, sekunde ishirini, basi. Hapo ndipo wa umeme unasaidia: una saa ndani, na mingine hukata kasi ukikandamiza.

Dada Fizi: Na vyote viwili bila dawa ya floraidi, 1,000 hadi 1,500 ppm (sehemu kwa milioni, huandikwa kwenye boksi), meno yatatoboka hivyo hivyo. Hata kijiti, shekhe. Paka dawa. Ukimaliza tema povu, usisukutue.

Bin Ujiji: Nipake dawa ya Kizungu kwenye mti?

Dada Fizi: Ndiyo. Tena mara mbili kwa siku.

Bin Ujiji: Haya, hilo nitalitafakari. La fizi kupanda silikubali.

Mkazi wa Mwanga: Samahanini, kijiti kibichi kinauzwa bei gani huko Ujiji?