Nilipeleka trekta la marehemu baba gereji, wakanibadilishia pampu ya dizeli

Wadau, trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135 ya 1971, injini ya Perkins ya silinda tatu. Baba alililimia viazi Kinangop hadi alipofariki, kisha likakaa chini ya mti miaka minne. Mwezi wa pili nikalipakia kwenye lori hadi gereji moja hapa Industrial Area, Nairobi, nikiamini mjini ndiko kuna mafundi na spea.

Tulikubaliana: pistoni na ringi mpya, beringi za krenki, gasketi zote, klachi, sili za haidroliki. Pampu ya dizeli wasiiguse! Baba aliipeleka kupimwa kwenye mashine mwaka mmoja kabla hajafa, na ilikuwa sawa. Nikalipa 185,000. Miezi mitatu ya "njoo Ijumaa."

Limerudi linang'aa. Asubuhi linawaka mara moja. Lilimishe saa moja, lizime unywe chai, basi, stata inazunguka mpaka betri inachoka. Baba mdogo, ambaye ameliendesha tangu ujana wake, akachovya kitambaa kwenye maji baridi, akaifunga pampu, akasubiri kidogo. Likawaka. Akaniambia, "Hii si pampu ya ndugu yangu."

Wanaojua hizi pampu za kuzunguka za kampuni ya CAV wataelewa. Rota, yaani kile kinachozunguka ndani, na kichwa chake ni chuma kwa chuma, vimesagwa vikakaribiana mno. Vikilika, dizeli ikishapata moto inakuwa nyepesi, inavujia humo humo ndani, na presha ya kufungua nozo zinazopuliza dizeli kwenye silinda haifiki. Ukiipoza, inashika tena. Hiyo ni pampu iliyokwisha.

Nikainama nikatafuta kibao cha namba ya pampu. Cha baba kilikuwa kimekunjika pembe moja, na namba yake aliiandika kwa biro nyuma ya daftari la huduma. Hii haina kibao. Kuna matundu mawili tu ya riveti, yamejaa rangi nyekundu. Walipaka rangi juu ya wizi wao!

Nikachomoa kijiti cha oili. Oili imepita alama ya juu na inanuka dizeli, maana sili ya shafti ya pampu nayo imekufa na dizeli inashukia kwenye sampu, pale chini oili ya injini inapokaa. Beringi nilizolipia juzi zinaogeshwa na dizeli.

Nimempigia fundi. Jibu lake: "Trekta kuukuu ndivyo lilivyo, mzee." Hapo ndipo nilipowaka. 135 haina kompyuta wala siri. Badilisha oili kwa wakati, osha kile kichujio cha hewa cha bakuli la oili, weka filta safi za dizeli, toa hewa kwenye mfumo, litalima. Spea zake zinapatikana hadi leo. Lilifanya kazi miaka yote hiyo likiwa kuukuu, likaharibika lilipofika mikononi mwenu.

Kosa langu ni kwamba sikupiga picha za namba kabla ya kuliacha, wala sikudai vyuma vya zamani virudishwe kwenye gunia. Wewe unayepeleka lako wiki hii, fanya hivyo.

Sitaki kurudishiwa pesa. Nataka pampu ya baba. Aliyeona pampu ya CAV yenye kibao kilichokunjika pembe ikiuzwa kwa wauza spea wa Grogan au Kariobangi aniandikie hapa, leo. Mvua za vuli zinakaribia, na baba mdogo anaenda shambani na jerikeni la maji ya kupoza pampu.