MJADALA: Barua haina saini, mtu asiitwe usaili?

Mtoa mada
Wakuu, orodha ya walioitwa usaili ikitoka Utumishi (Sekretarieti ya Ajira ya serikali), lawama ni zile zile: mwenye GPA kubwa kakatwa, aliyekuwa nyuma yake darasani kaitwa, basi lazima kuna kujuana. Mwambie afungue akaunti yake ya Ajira Portal, ule mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi. Mara nyingi utakuta barua ya maombi haina saini, nakala ya cheti haina muhuri wa wakili wa kuthibitisha kuwa ni nakala halisi, au kaweka hati ya matokeo ya kidato cha nne badala ya cheti chenyewe, wakati matangazo yao yanasema wazi kwamba hati za matokeo na matokeo ya muda hayakubaliki. Wengine kitambulisho cha NIDA kinasoma jina moja, vyeti jingine, na kiapo cha kuthibitisha kuwa ni mtu yule yule hakuna.

Mimi nasema hii si haki. Anayejua kufundisha fizikia hapimwi kwa muhuri. Waombaji wapewe siku tatu za kurekebisha baada ya dirisha kufungwa. Mnasemaje?

Afisa rasilimali watu, Dodoma
Napinga. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato (TRA) walitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu zaidi ya 135,000. Hapo nani ana muda wa kupitia viambatisho mara mbili? Na yule aliyesoma tangazo, akahangaika mpaka kwa wakili, mnamwambia alijisumbua bure?

Tatizo naliona kwingine kabisa. Vijana hawasomi tangazo, wanasoma picha yake kwenye kundi la WhatsApp: jina la kada, mshahara, tarehe ya mwisho. Masharti ya jumla yako kurasa za mwisho, na hizo hakuna anayezipiga picha.

Mwenye steshenari, Kahama
Mimi ndiye nawatumia maombi, acheni niseme. Kijana anakuja siku ya mwisho, jioni, mtandao unazunguka tu. "Kaka, niandikie kama ya yule wa jana." Barua ya yule wa jana ilikwenda kwa taasisi nyingine na kada nyingine! Kuna waliofunguliwa akaunti kwa barua pepe ya steshenari. Akihama mji, nywila hana, na taarifa za kuitwa usaili zinaingia kwangu. Afadhali hao kuliko wanaowatumia "mawakala" vyeti na hela ya fomu. Kuomba kazi Utumishi hakulipiwi, jamani.

Ila kwenye muhuri nipo na mtoa mada. Mjini wakili yupo mtaa wa pili. Anayetoka kijijini analipa nauli kufuata muhuri, kisha anamlipa wakili. Na akiitwa usaili anaambiwa aje na vyeti halisi, vinakaguliwa upya. Sasa muhuri wa kwanza ulikuwa wa kazi gani?

Mtoa mada
Hoja yako imenihamisha, bosi. Siku tatu naziacha, hesabu ya mkuu wa Dodoma ni nzito. Nabadilisha ombi: muhuri uondolewe hatua ya kuomba, ubaki ukaguzi wa vyeti halisi siku ya usaili. Aliyeweka hati ya matokeo akatwe tu, maana hajaonyesha cheti. Lakini saini ya barua nayo iondoke, kwa sababu maombi yenyewe yanapita kwenye akaunti ya mtu.

Afisa rasilimali watu, Dodoma
Muhuri tuujadili, sina ugomvi. Saini hapana. Barua isiyo na saini ni ya nani? Kesho mtu akisema kwamba hakuomba yeye, au kwamba sifa zile hakuzitaja yeye, utamshika kwa lipi?

Mtoa mada
Kwa namba yake ya NIDA, mkuu. Si ndiyo imo kwenye akaunti?

Afisa rasilimali watu, Dodoma
Akaunti ipi, ile ambayo nywila yake iko steshenari Kahama?