Mtoto ana miezi 16, mama yake yuko remandi: tumtoe au tumwache naye?

MamaMdogo_Tororo
Ndugu zangu naomba mawazo maana sisi nyumbani tumeshindwa kukubaliana. Mdogo wangu yuko remandi, yaani ndani anangoja kesi, aliingia na mtoto wa miezi 4, kesi inatajwa inaahirishwa, inatajwa inaahirishwa, mtoto sasa ana miezi 16. Juzi nilipoenda kuwaona, afande wa zamu akaniambia mjiandae, akifika miezi 18 mje mumchukue, na kama hakuna ndugu wa kumchukua ataitwa mtu wa probesheni, wale wa serikali wa ustawi wa watoto. Nikarudi nikaita kikao. Mama anasema mjukuu wake aletwe leo leo. Kaka yetu mkubwa anasema mtoto hatolewi kwenye ziwa la mama yake, tukamwombe mkuu wa jela aongeze muda. Mdogo wangu mwenyewe nilipomuuliza alilia tu, na mtoto alipoona mama analia akashika lesu akaanza kumfuta uso. Siku ile nilitamani kumbeba niondoke naye. Nyie mngefanyaje? Na msiniulize amefanya nini, hilo lina mahakama.

Boda_Malaba
Mtoe huyo mtoto dada, ata usingoje hiyo miezi 18. Jela si pa kulea mtu. Kuna jirani yetu mtoto wake alikaa ndani mpaka akakaribia miaka 3, alipotoka kila akiona mtu kavaa yunifomu anachuchumaa chini, vile wafungwa wanachuchumaa wakihesabiwa. Kuku hajui, mbuzi hajui, gari likipita anajificha. Na alikuwa anaongea Kiswahili kama mwizi, jaja yake, bibi yake, anamwita kula yeye anajibu "ndiyo afande".

Sista_Mukono
Si sheria inasema mtoto anakaa na mama mpaka miaka 4? Huyo afande anawatisha tu.

Mwalimu_Bombo
@Boda_Malaba "Kiswahili kama mwizi" ndio Kiswahili gani? Wewe hapa umeandika kwa lugha gani? Mimi nimezaliwa Bombo, mama yangu alinibembeleza kwa Kinubi na Kiswahili, hakuna mwizi kwetu. Nimefundisha shule miaka 21 na kila mwaka kuna mzazi anakuja kuniambia mwalimu usimfundishe mwanangu lugha ya majambazi. Tangu 2005 katiba yetu ya Uganda imeitaja kuwa lugha rasmi ya pili, 2022 baraza la mawaziri likapitisha ifundishwe kwa lazima msingi na sekondari, na bado mtu mzima anakuja hapa kusema mtoto ameharibika kwa sababu anaongea Kiswahili. Huyo mtoto hakuharibika na lugha.

Boda_Malaba
Muzee usinikasirikie, mimi nimesema nilichoona. Mimi mwenyewe nakula kwa Kiswahili hapa mpakani, nusu ya abiria wangu wanatoka upande wa Kenya. Lakini unajua vile watu wa Uganda wanaisikia, wazazi wetu waliisikia mara ya kwanza kwenye kizuizi cha barabarani na bunduki iko kifuani. Amin ndiye aliyetangaza mwaka 1973 kwamba ndio lugha ya taifa, sasa hapo unataka watu waipende?

Mwalimu_Bombo
Kwa hiyo kwa sababu askari alinipiga akiwa amevaa viatu nami niache kuvaa viatu?

Wakili_Mbale
Naomba nirudi kwa swali la dada. Sista_Mukono, miaka 4 ni Kenya hiyo. Ya kwetu ni Prisons Act, sheria ya magereza ya 2006, inasema miezi 18, na hapo mkuu wa jela anatakiwa kwanza aridhike kwamba kuna ndugu au rafiki anayeweza na anayetaka kumlea mtoto ndipo amkabidhi, asipopatikana mtoto anapelekwa kwa watu wa ustawi. Kwa hiyo afande amewaambia kitu cha kweli na amewaambia mapema, mshukuruni.
Lakini dada, nyinyi mnabishana juu ya mlango wa kutokea, mimi nauliza ule wa kuingilia. Mama mwenye mtoto wa miezi 4 alifikaje remandi na kukaa mwaka mzima? Mkataba wa Afrika wa haki na ustawi wa mtoto, wa 1990, Uganda iliuridhia 1994, kifungu cha 30 kinasema mahakama ikimhukumu mama ianze kufikiria adhabu isiyo kifungo, tena kinasema mama asifungwe pamoja na mtoto wake. Kwa makosa madogo Community Service Act, sheria ya kutumikia jamii badala ya jela, tunayo tangu 2000, kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 2, mtu anafagia soko au anafyeka hospitali na jioni analala kwake na watoto wake. Afrika Kusini mwaka 2007 mahakama yao ya katiba iliamua kwamba hakimu anayemfunga mzazi anayelea watoto peke yake lazima kwanza apime watoto watabaki na nani. Halafu kuna dhamana. Katiba yetu kifungu cha 23, kesi ya hakimu zikipita siku 60 mtu yuko remandi, au kesi ya High Court zikipita siku 180 kabla hajakomitiwa, yaani kabla kesi haijapelekwa rasmi High Court isikilizwe, anatakiwa aachiwe kwa dhamana. Naomba unijibu hilo moja tu: ameshakomitiwa au bado?

Sista_Mukono
Haya basi, wakili umeshatufundisha. Sasa niulize mimi: na watoto wa aliyeuawa nani anawaandikia mkataba? Kaka yangu aliuawa 2014, aliacha watoto 3, nimewalea mimi kwa duka la vitenge. Hakuna probesheni aliyekuja kuniuliza wanakula nini. Aliyemuua ana watoto pia, na nasikia kuna wazungu wanawalipia shule. Naona watu wanalia sana kwa ajili ya mtoto wa mfungwa, mtoto wa marehemu anaambiwa Mungu atajua.

MtotoWaWalukuba
Sista pole kwa kaka yako, na ninasema pole kwa moyo. Lakini mimi ndio huyo "mtoto wa mfungwa" unayesema analiliwa. Baba yangu alichukuliwa nikiwa na miaka 7, alikaa miaka 9. Hakuna mzungu aliyekuja. Siku ya kwanza shuleni baada ya habari kufika, mtoto mmoja alipoteza kalamu, darasa zima likageuka likaniangalia, mwalimu naye akageuka akaniangalia. Kalamu ilikuwa chini ya dawati. Hakuna aliyesema samahani. Nilimaliza shule ile nikiitwa mtoto wa mwizi na baba yangu hata hakufungwa kwa wizi.
Na mbona wote hapa ni mama, mama, mama? Walioko ndani wengi sana ni wanaume. Mtoto wa baba hana wa kumhesabia miezi, hakuna afande anayemwambia mjiandae, siku baba anachukuliwa ndio basi, asubuhi unaamka karo haipo, mwenye nyumba yuko mlangoni, mama anaanza kuuza chapati usiku na wewe ndio unabaki na mdogo wako.

Sista_Mukono
Sikukuita mwizi.

MtotoWaWalukuba
Umesema tunaliliwa sana. Nimekuambia sikuona aliyelia.

Boda_Malaba
Na mimi sikusema mtoto ni mwizi, nilisema Kiswahili chake.

Mwalimu_Bombo
Unarudia tena?!

AfandeMama_Mstaafu
Watoto wangu nyamazeni kidogo. Nimefanya kazi upande wa wanawake kwenye jela za mikoani mpaka nikastaafu, haya mambo nimeyabeba mikononi, siyo maneno. Mtoto anapoingia na mama anaandikwa, na sheria inasema serikali impe nguo na mahitaji. Kwenye karatasi. Kule nilikofanya kazi chakula kilikuwa posho, yaani ugali, na maharage, na mtoto wa miezi 8 hawezi maharage yale, kwa hiyo mama anamtafunia kwanza, au sisi wenyewe tunaleta maziwa kutoka nyumbani. Jela ya Luzira kule Kampala, kwa wanawake kuna deikea, watoto wanatoka asubuhi wanacheza na wenzao. Nilikokuwa mimi hakukuwa na kitu hicho, mtoto anashinda uani na mama yake na wanawake wengine wote, kila mmoja anambeba, jioni milango ikifungwa naye anafungiwa.
Na Kiswahili, ni kweli, ndiyo lugha yao ya kwanza. Mama ametoka Karamoja, jirani yake wa mkeka ametoka Kasese, afande ni Mwacholi, wataongea nini? Kiswahili. Mtoto anajifunza kile anachosikia kwa watu wanaompenda. Kuchuchumaa pia anajifunza kwa kumwangalia mama. Mimi nilikuwa nawanyanyua, namwambia wewe simama, wewe huhesabiwi.
Sasa sikiliza mama mdogo. Ubaya hauko kwenye kumtoa mtoto wala kwenye kumwacha. Ubaya uko kwenye namna ya kumtoa. Nimeona ndugu anakuja ile siku yenyewe, mtoto hajamwona hata mara moja maishani mwake, anasaini kitabu, anamvuta kwa mama, mtoto analia mpaka getini na mama anabaki ameshika mlango. Halafu huyo ndugu haji tena. Mwaka, miaka 2, 3. Mama anatoka, mtoto anamwita shangazi. Mimi mmoja nilimwona amerudi kutuuliza kama tuna picha ya mwanawe akiwa mdogo, hatukuwa nayo.
Una miezi 2. Nenda kila juma ukiweza, na atakayemlea ndiye aende, siyo wewe kama siyo wewe utakayemlea. Akae naye, amlishe, amshike akilala. Omba kadi ya chanjo kwa nesi wa jela, omba karatasi ya kuzaliwa, na kama alizaliwa nje mtafute hospitali alikozaliwa, pata barua ya mwenyekiti wa LC1, yule wa kijiji, inayosema mnajulikana, nenda kwa probesheni wewe mwenyewe kabla hajaitwa. Na siku ya kumchukua usidanganye mtoto kwamba mnaenda dukani.

KijanaLira256
Afande asante. Lakini mimi bado nasema na kaka mkubwa, mtoto abaki. Mtoto wa mwaka na nusu umtoe kwa mama umpeleke kwa bibi mwenye miaka 70, bibi akifa je? Waongeze muda, huko mikoani si wanaongeza, watoto wa miaka 3 wapo ndani kila mtu anajua.

AfandeMama_Mstaafu
Wapo, mwanangu, kwa sababu hawakuwa na pa kwenda. Siyo kwamba waliongezewa kwa kupendwa.

Sista_Mukono
MtotoWaWalukuba nimekaa na neno lako tangu jana. Wale watoto wa kaka yangu, mkubwa wao sasa ana miaka 17, juzi aliniambia kwamba mtoto wa yule aliyemuua baba yao yuko shule moja na yeye. Nikamwambia asimsogelee. Sasa nakuuliza kwa kweli, nilikosea?

MtotoWaWalukuba
Siwezi kukuambia ulikosea, kaka ni wako na uchungu ni wako. Ninachojua, kama mtu mmoja tu shuleni kwetu angekaa na mimi mchana ningekula.

Boda_Malaba
Wakili kuna kitu kimoja, yule Susan Kigula wa ile kesi ya kupinga hukumu ya kifo, naye si alikuwa na mtoto mdogo nje wakati anangoja kunyongwa?

Wakili_Mbale
Ndiyo, alimwacha akiwa mdogo sana. Kesi ile walifungua zaidi ya watu 400 waliokuwa wamehukumiwa kifo, Mahakama ya Juu ikamaliza Januari 2009, kwamba hakimu asilazimishwe kutoa hukumu ya kifo, apewe nafasi ya kumsikiliza mtu na hali yake. Yeye akasomea sheria akiwa ndani, akatoka 2016. Mtu asikilizwe hali yake, hilo ndilo ninalosema hata kwa huyu mama wa Tororo. Mtoto ni sehemu ya hali yake. Na dada bado hajanijibu.

MamaMdogo_Tororo
Samahanini nilikuwa njiani, nimesoma yote. Wakili nimeuliza: alikomitiwa mwezi wa 5 tangu akamatwe, kwa hiyo siku 180 hazikufika, anangoja kikao cha High Court tu na tarehe hakuna. Kaka anatafuta wadhamini wawili tujaribu kuomba dhamana hivyo hivyo, tumtaje mtoto kwenye maombi kama ulivyosema. Tukipewa, mjadala wetu umeisha. Tusipopewa mtoto anakuja kwa mama yetu, bibi yake.
Jumamosi nimeenda na huyo mama yetu mwenyewe, nauli ya wawili imetuumiza lakini afande mstaafu umesema anayemlea ndiye aende. Mtoto saa nzima ya kwanza hakumkaribia. Baadaye mama akatoa ndizi, akala nusu mkononi mwake na nusu akampelekea mama yake. Mdogo wangu safari hii hakulia, alikuwa anamwambia mama mambo haraka haraka kama mtu anayefunga mzigo basi limewasha: uji wa moto hataki, usiku halali mpaka ashike sikio la mtu, akikohoa mnyanyue usimlaze chali, akiogopa usimwambie nyamaza mwambie niko hapa.
Shida ikaja palepale ambapo nyie mmegombana siku 3. Yote hayo mtoto anayajua kwa Kiswahili, na mama yangu ni wa kijijini, anajua Dhopadhola tu. Alimwambia mtoto njoo kwa lugha yetu, mtoto akamtazama tu. Mwalimu wa Bombo usicheke, mama tangu Jumamosi yuko jikoni na mjukuu mwingine wa darasa la 5 anamfundisha. Ameshajua "maji", "njoo", "lala". Leo asubuhi aliniamsha kuniuliza "niko hapa" inatamkwaje.