Handaki la maji lililo chini sana: mashimo ya wima au shimo la kupinda?

Mpima Mwamba: Wakuu, naomba ushauri. Handaki la maji la kilomita 3, juu yake mlima wa meta 400. Kabla ya kulichimba nataka kuuchunguza mwamba kwa mashimo membamba ya kuchoronga. Pesa inatosha ama mashimo 8 ya wima, ama moja la kupinda linalofuata njia ya handaki. Nichague lipi?

Mzee wa Rigi: Piga hesabu. Mashimo 8 ni meta 3,200 za kuchoronga, na kila shimo meta kama 20 za mwisho, zilizo karibu na handaki, ndizo zinazokuhusu. Yaani 160 tu! Halafu ufa uliosimama wima unakaa katikati ya mashimo mawili na hakuna hata moja linaloukuta.

Binti Jiolojia: Wala si jambo jipya. New York walipovusha maji ya milima ya Catskill chini ya mto Hudson, rigi (mitambo ya kuchoronga) za juu ya maji zilichoronga katikati ya mto zaidi ya meta 200 na mwamba hazikuupata. Wakachimba shafti, yaani shimo pana la wima la kushukia, kila ng'ambo, wakachoronga mshazari kutoka humo hadi chini ya mto. Handaki likapita zaidi ya meta 330 chini ya usawa wa bahari, likatoboka 1912. Mashimo hayo yalikuwa ya mshazari tu, hayakupindishwa. Hong Kong, kwa mahandaki ya majitaka chini ya bandari ya Victoria, shimo lenyewe liliongozwa kutoka nchi kavu, meli zikiendelea na safari zao.

Kesingi: Msilipambe sana. Mahali fulani nilikofanya kazi mabomba ya kuchorongea yalinasa kwenye mwamba uliopondeka. Tulivuta usiku kucha, asubuhi tukayaacha humo humo. Sasa chuma hicho kilale pale mashine ya handaki itakapopita! Shimo liweke pembeni mwa njia ya handaki meta kadhaa, na ukimaliza lijaze saruji lote, la sivyo umeyatengenezea maji njia ya kuingia handakini.

Mpima Mwamba: Na kipimo cha maji, cha kujua mwamba unapitisha maji kiasi gani, kinafanyika humo?

Binti Jiolojia: Kinafanyika. Unaziba kipande kwa vizibo vya mpira, unasukuma maji, unasoma yanayopotea. Ila kwenye shimo lililolala vizibo havishuki vyenyewe, usukume kwa mabomba. Tenga muda.

Mzee wa Rigi: Mimi ningechoronga mawili ya wima penye shafti, pesa iliyobaki iende kwenye la kupinda. Na muulize mkandarasi anapima mwelekeo kila baada ya meta ngapi. Akisema atapima mwishoni, muage.