Agiyaras ya Mumbai au ya Mombasa: tufunge kwa jua la nani?

Wadau, naleta hapa hili la tarehe ya kufunga agiyaras, saumu yetu Wahindu, kwa sababu nyumbani kwetu limeshazua maneno mara mbili na sioni dalili ya kwisha.

Jikoni kwa mama, hapa Mombasa, imetundikwa kalenda ya Kigujarati iliyochapwa Mumbai. Kila kisanduku kina tarehe kubwa, na chini yake vimaandishi vidogo vya tithi (hatua za mwezi) na saa zake. Juzijuzi ilisema tufunge Jumanne. Programu ya simu ya mdogo wangu, ambayo ameiwekea mji wa Mombasa, ikasema Jumatatu. Basi Jumatatu mama akapika wali na dengu kama kawaida, na mdogo wangu akakaa pembeni na sahani ya mihogo ya kukaanga na karanga, anatafuna kimya kama mtu aliyesusa. Kesho yake ikawa zamu yake kula wali, mama akimtazama. Hapo ndipo yalipotoka yaliyotoka.

Kwa wasio Wahindu: Ekadashi, ambayo sisi Wagujarati twaiita agiyaras, ni tithi ya kumi na moja, mara moja mwezi ukiwa unakua na mara moja ukiwa unapungua. Siku hiyo nafaka na kunde hazigusi mdomo. Mhogo, viazi, karanga, matunda na maziwa ruksa. (Ile sabudana tunayoinunua ghali eti ya kutoka India ni wanga wa mhogo tu, lakini hilo tuliache.)

Tatizo ni kwamba tithi si siku. Ni muda ambao mwezi huchukua kulitangulia jua kwa nyuzi 12, na kwa kuwa mwezi hauendi kwa kasi moja, tithi moja huweza kuwa ya saa 20 hivi na nyingine ikapita saa 26. Inaanza kwa wote kwa mpigo mmoja. Ikiingia, imeingia Mumbai, Mombasa na Toronto pamoja. Zinazotofautiana ni saa za ukutani. Ila tarehe ya kufunga haitokani na tithi peke yake. Tithi ile ambayo jua linaikuta linapochomoza ndiyo inayoipa siku jina. Na jua halituchomozei pamoja: kati ya Mumbai na hapa kuna nyuzi 33 za longitudo, kwa hiyo letu linachelewa saa mbili na dakika kumi na kitu.

Nichukue mfano wa kubuni. Ekadashi inaingia Jumatatu saa 12:40 asubuhi kwa saa za India na itadumu saa 24. Jua la Mumbai limeshachomoza saa 12:20, likaikuta Dashami, ya kumi. Basi Mumbai wanangoja Jumanne. Wakati huohuo huku kwetu ni saa 10:10 usiku, giza, hata muadhini bado. Jua letu likichomoza saa 12:20 linaikuta Ekadashi imeshakaa ndani saa mbili. Siku yetu ni Jumatatu. Na anayefuata kalenda ya ukutani akafunga Jumanne hapa Mombasa, jua limemkuta kwenye Dwadashi, ya kumi na mbili, siku ambayo alipaswa kufungua! Hajachelewa kidogo. Amefunga siku ya kufuturu.

Haitokei kila mara. Kwa hesabu ya haraka, nyuzi 33 kati ya 360 ni kama mara moja katika kumi na moja, na Ekadashi kwa kawaida ni 24 kwa mwaka, kwa hiyo sisi tunapishana na Mumbai kama mara mbili tu kwa mwaka. Mtu wa Toronto anapishana nayo karibu mara kumi.

Msimamo wangu: mdogo wangu yuko sawa, ingawa alilisema vibaya. Jua ni sehemu ya kanuni yenyewe. Na mama analijua hilo, maana siku ya Sankashti Chauth, saumu nyingine ambayo hufunguliwa mwezi ukitoka, hafungui kwa kuambiwa na dada yake wa Rajkot kwamba huko umeshatoka. Anapanda darini, anangoja, na wingu likikaa upande wa bahari tunangoja naye wote na njaa zetu. Mwezi anautaka wa Mombasa. Jua kwa nini liwe la Mumbai?

Haya, semeni.

*

Jibu kutoka Nairobi

Dada yangu, hesabu zako sizipingi. Ninachopinga ni kudhani kwamba kufunga ni hesabu.

Wazee wetu walikuja na majahazi, kalenda zikawa zinawafikia kwa meli, nyingine mwaka ukiwa umeshaanza. Walifunga kwa kalenda hiyohiyo. Unataka kuniambia miaka yote ile walikuwa wakifunga bure? Siku ya agiyaras mandirini (hekaluni) kuna bhajan, nyimbo za ibada, jioni, kuna watu. Mimi nikifunga Jumatatu na wenzangu wote Jumanne, nimekuwa sahihi peke yangu, na usahihi wa namna hiyo una kiburi ndani yake.

Halafu tazama India yenyewe. Kutoka Dwarka, magharibi, hadi mwisho wa Arunachal Pradesh, mashariki, ni nyuzi 28 hivi, karibu saa mbili za jua, pengo linalokaribia letu na Mumbai. Hata hivyo, serikali yao mwaka 1952 iliunda kamati ya kurekebisha kalenda, chini ya mwanafizikia Meghnad Saha, nayo ikachagua nukta moja ya kupigia hesabu nchi nzima: longitudo 82.5 mashariki, na latitudo ya mji wa Ujjain. Kama nukta moja inawatosha wote hao, itatushinda sisi tulioko hapa?

Na wale walioko kaskazini kabisa mwa Norwei, Desemba jua halichomozi. Wafuate jua lipi?

*

Jibu kutoka Tanga

Mimi ni Mwislamu, nimepita tu. Karibuni kwenye chama! Sisi kila Shaaban ikikaribia kwisha tunaanza: mwezi wa hapa au mwezi uliotangazwa Saudia? Kuna miaka nyumba mbili zilizopakana, moja inakula Idi na nyingine imefunga, na watoto wanaruka ukuta kwenda kula pilau kwa jirani.

Lakini naona ugomvi wenu si wetu. Sisi tunabishania kuonekana: nani kauona, na ushahidi wake unafika umbali gani. Nyinyi mwezi wenu umeshapigiwa hesabu mpaka dakika na hakuna anayebisha. Mnabishania jua, ambalo kila mtu analiona mlangoni kwake. Mngekuwa na kesi rahisi kuliko yetu.

*

Jibu kutoka Leicester, Uingereza

Wazazi wangu walitoka Jinja, Uganda, 1972, kwa hiyo kalenda ya Mumbai imenifuata nchi tatu.

Huku kuna kosa kubwa kuliko la tarehe, nalo ni la saa. Kalenda inasema fungua kabla ya saa 1:48 asubuhi, Dwadashi isijaondoka. Shangazi yangu anaangalia saa ya jikoni kwake Leicester, anakunywa maziwa saa 1:40, ameridhika. Dada, saa 1:48 ya India ni saa 8:18 usiku wa huku, majira ya baridi! Dwadashi imeshaondoka saa tano na zaidi. Na Desemba jua la hapa saa 1:40 hata halijachomoza, ilhali kufungua ni baada ya jua kuchomoza. Amekosa mlango wa kuingilia na wa kutokea. Huyu hafuati Mumbai wala Leicester.

Ndugu wa Nairobi, huo umoja unaoutaka haupo hata Mumbai. Wavaishnava (waumini wa Vishnu) wengi hawaikubali Ekadashi kama Dashami bado ilikuwepo dakika 96 kabla ya jua kuchomoza. Wanasogea siku ya pili. Wasmarta, madhehebu mengine ya Kihindu, hawana sharti hilo. Ndiyo maana baadhi ya miezi kalenda ina Ekadashi mbili mfululizo, na majirani wa ghorofa moja wanafunga siku tofauti bila kununiana. Na ISKCON, wale wa Hare Krishna, wao hutoa kalenda iliyopigwa kwa mji mmoja mmoja, Leicester na jua la Leicester.

*

Mwenye mada tena

Bhai wa Nairobi, la wazee umenishika. Sisemi walifunga bure. Walitumia kilichokuwepo. Lakini mimi kilichopo ni simu inayojua jua langu linachomoza saa ngapi, siwezi kujifanya sina.

La Arunachal hapana. Nukta ya 1952 ni ya panchang (kalenda ya Kihindu) ya serikali. Mapanchang ya watu, yale yanayotundikwa, ya Bengal yanapigwa kwa Kolkata na ya Mumbai kwa Mumbai. Hata wao kila mmoja anafuata jua lake, sisi ndio tuliobeba la mwenzetu. Norwei sina jibu, ila sioni kwa nini wasio na jua watuamulie sisi tulionalo kila siku ya Mungu.

Tena kumbukeni Diwali ya 2024. Puja (ibada) ya Lakshmi, mungu wa kike wa mali, inataka Amavasya, tithi ya mwezi usioonekana, wakati wa magharibi. Kule India Amavasya iliingia alasiri ya 31 Oktoba, ikatoka 1 Novemba saa 12:17 jioni, kwa hiyo magharibi zote mbili ziliguswa, na wakabishana wiki nzima, wengine Alhamisi, wengine Ijumaa. Kwa saa zetu ilitoka Ijumaa saa 9:47 alasiri, jua bado kali. Huku haikuwa na ubishi, ni Alhamisi tu. Lakini tulikesha tunatumiana hoja za wanajimu wa Varanasi kana kwamba zinatuhusu.

Ninachokubali ni hiki: sherehe ya mandiri nitakwenda siku ya mandiri. Bhajan sitoipigia hesabu. Sahani yangu ndiyo itafuata jua la hapa.

Na nyumbani, kwa mlioniuliza pembeni: mdogo wangu ameanza kuandika saa za Mombasa ndani ya visanduku vya kalenda ya mama, tithi kwa tithi. Mama amemruhusu, kwa penseli. Kalamu amemkatalia.